Kata, Usifike Chini

Nepia ikikatwa asubuhi, kabla umande haujakauka, hutoa harufu ya utamu mbichi, kama ya muwa uliotafunwa ukatemwa, ikichanganyika na ya udongo uliolowa na ya samadi iliyolala nje usiku kucha. Wajukuu wangu husema harufu hiyo ni nzuri. Mimi sisemi ni nzuri wala mbaya. Nimeisikia maisha yangu yote, tangu kichwa changu kikiwa chini ya nyasi hadi leo ambapo mgongo umenirudisha huko huko chini. Watu wengine wakisimulia utoto wao husema harufu ya kitu fulani huwatoa machozi. Mimi hii hainitoi kitu. Hunisimamisha tu kidogo, panga mkononi, kama mtu aliyeitwa jina asijue nani amemwita, kisha naendelea kukata. Lakini mwaka huu ndugu yangu amejenga kaburi la mama yetu, na watoto wa nyumbani wameanza kuniuliza maswali, nikaona heri niandike mara moja kuliko kujibu kila siku. Shule sikukaa sana, na sababu yenyewe imo humu. Atakayeona makosa ayaruke.

Kwetu kulikuwa juu ya Njoro, kwenye mteremko unaopanda kuelekea Mau, katika shamba lililokuwa la mzungu mkulima wa ngano kabla wazee hawajagawana. Kipande cha baba kilikuwa kirefu na chembamba kama mkanda wa suruali. Juu kabisa ilikaa nyumba ya mbao yenye paa la mabati, katikati mahindi na viazi, na chini karibu na korongo, mahali ambapo mvua ilikuwa ikituibia udongo, mama alikuwa amepanda nepia, ile nyasi ndefu ambayo wengine huiita mabingobingo. Udongo wa kule ni mwepesi. Kiangazi ukiukanyaga unapanda vumbi mpaka magotini, na mvua ikija kwa nguvu unaondoka kama mgeni asiyeaga. Nepia iliushika. Nepia pia ndiyo iliyomshika ng'ombe wetu, na ng'ombe ndiye aliyetushika sisi. Tulikuwa naye mmoja tu, mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Mama alimwita Waziri kwa sababu alikula kabla ya watu wote, na kutoa alitoa alipotaka.

Mama hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini juu ya nyasi alikuwa na sheria, na sheria zake nilizijua kabla sijajua kusoma. Nepia haikatwi ikiwa changa, maana hiyo ni maji matupu. Ng'ombe atakula siku nzima na malipo yake ni kuhara. Haiachwi ikazeeka, maana hapo imekuwa kuni, na Waziri hakuwa jiko. Ilipomfika mama kifuani, ndipo aliponoa panga. Alikata mstari mmoja akaacha mingine, kesho yake mstari uliofuata, na alipofika mwisho wa shamba ule wa kwanza ulikuwa umeshaota na unamngoja. Tena hakukata hadi chini. Aliweka ngumi yake juu ya ardhi, kando ya shina, na panga likapita juu ya ngumi. "Chini ya ngumi ni kwake," alisema, "juu ya ngumi ni kwetu." Siku hiyo hiyo, kabla hatujaketi kula, tulibeba samadi kwa karai kutoka zizini, ile iliyokaa mpaka ikapoa na kuwa nyeusi, si ile mbichi inayounguza, tukaifukia kando ya mashina. Kilichotoka kwa ng'ombe kirudi kwa nyasi. Mbolea ya dukani tuliiona kwa wenye mashamba makubwa tu. Yetu ilikuja na nzi wake.

Kulikuwa na desturi moja kijijini kwetu ambayo sijaikuta kwingine. Nyasi ya mtu ikimwishia, aliruhusiwa kuomba mzigo kwa jirani. Lakini hakwenda kugonga mlango, na hakuingia shambani kimya kimya hata kama mwenye shamba ni dada yake wa tumbo moja. Alisimama ukingoni mwa nyasi, panga likiwa limewekwa chini, akaita kwa sauti: "Mwenye shamba, naomba mzigo!" Mwenyewe, popote alipokuwa, jikoni au mtoni, alijibu: "Kata. Usifike chini." Hapo ndipo mtu alipoingia. Asipojibiwa, alirudi kwake na kamba yake mkononi, na hakukasirika. Nilimsikia mama akijibu hivyo mara nyingi hata maneno hayo yakawa ndiyo sauti yake. Mengine aliyosema nimeyasahau mengi, na sura yake nayo imefifia, kwa sababu hakuwahi kupigwa picha. Hayo maneno hayakufifia.

Mama alikwenda hospitali kwa miguu, akarudi kwa gari. Ilikuwa mvua ndefu inaisha. Alikwenda kujifungua, amebeba kikapu chenye shuka na chupa ya uji, akaniambia nisimwache Waziri bila maji. Mtoto alitoka salama. Yeye hakutoka. Mtoto ndiye aliyeletwa kwanza, mvulana, amefungwa kwenye shali ya shangazi Wambui, dada yake baba, ambaye aliposikia aliacha nyumba yake Olenguruone akaja. Na mama akaletwa baadaye. Sikulia. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Watu walinitazama wakingoja nilie, mwanamke mmoja hata akanifinya mkono ili anisaidie, nikamwangalia tu. Kisha nikaenda kumpa Waziri maji.

Alizikwa kule chini kando ya nepia yake, kwa kuwa huko udongo ulikuwa laini na hapakuwa na mizizi ya miti. Waliochimba walikuwa majirani, wakiongozwa na Mzee Gathogo, mzee wa kanisa, ambaye katika kila mazishi kazi yake ilikuwa kupima. Siku hiyo alikuja bila vigingi. Akanyoosha mkono kwenye nepia, akakata mabua yaliyokomaa, manene kama kidole gumba, akayachonga ncha, akayachomeka kwenye pembe nne na kuyazungushia kamba ya katani. Vijana wakachimba kwa zamu, wakaenda chini kupita kimo cha mtu. Waliporudisha udongo, ule mweusi wa juu na ule mwekundu wa chini ulirudi ukiwa umechanganyika, mwingi, mwepesi, haujawahi kukanyagwa. Mwishowe mzee akayachomeka tena yale mabua kwenye pembe, ili mtu asije akapita juu ya kaburi, na kichwani wakasimamisha msalaba wa mbao. Sasa, kila mtu wa kwetu anajua kwamba nepia haina mbegu ya kununua. Hupandwa kwa kipande cha bua chenye vifundo, viwili ndani ya udongo na kimoja nje. Hata mimi mtoto nilijua. Siku ile hakuna aliyekumbuka.

Mpaka matanga yaishe, panga halikuingia katika shamba la marehemu. Baba aliishika desturi hiyo, akaishika hata kupita wakati wake. Nepia ikapanda ikapita vichwa vya watu, ikawa miti. Waziri alilamba majani akaacha mabua. Asubuhi moja baba akaingia na panga peke yake na hakutoka mpaka jua lilipoinama. Baba hakuwa mtu wa nyasi. Kazi yake ilikuwa katika kiwanda cha mbao upande wa Elburgon, na nyumbani alikuwa mtu wa kuja jioni, kunawa na kukaa. Siku hiyo alikata nyasi yote, mistari yote kwa pamoja, hadi kwenye udongo, kama mtu anayetafuta kitu kilichomwangukia humo ndani. Nilikuwa nimesimama juu, mtoto mgongoni, namwona. Mtoto hamfundishi baba kushika panga. Shangazi alipotoka jikoni na kuona, aliweka mikono kiunoni.

"Baba Nyokabi," akasema, "hilo ni shamba ama ni kichwa cha mfungwa?"

Baba alifuta panga kwenye suruali, akapita kwenda kunawa. Haraka haraka haina baraka, lakini sidhani baba alikuwa na haraka. Alikuwa na kitu kingine, na hakuwa na mahali pa kukiweka.

Baada ya hapo mbingu zikafunga. Mvua fupi haikuja. Mashina yaliyonyolewa yalitoa vidole vichache vya manjano, kisha yakakata tamaa, na fuko wakamalizia mizizi. Mabua ya mahindi yaliisha, majani ya migomba ya jirani yakaisha. Shangazi aliniachisha shule nimtafutie Waziri chakula, na huko shuleni sikurudi tena. Nilizunguka kando za barabara na gunia, nikichuna kwa vidole nyasi ambayo mbuzi walikuwa wameshaichuna kwa meno. Nilikuta watoto wengine wakifanya kazi hiyo hiyo, hatukusemezana sana. Maziwa yakashuka kutoka ndoo hadi sufuria, na kutoka sufuria hadi kikombe.

Mtoto aliitwa Kariuki, jina la babu yetu. Mtoto mwenye mama titi likikauka hutafutiwa la pili. Huyu hakuwa na la kwanza. Alikuwa na Waziri. Shangazi alimnywesha kwa kijiko, akachanganya maziwa na maji yaliyochemka, kila juma maji zaidi, mpaka yakawa na rangi ya bluu kama maji yaliyooshewa sahani. Majirani walitupa kikombe walipoweza, lakini ng'ombe wao nao walikuwa mbavu tupu, na kila nyumba ilikuwa na watoto wake. Mwanzo Kariuki alilia kwa hasira. Baadaye akalia kwa kunung'unika. Kisha akanyamaza, na shangazi, ambaye kilio hakikumsumbua, kimya hicho kilimtia hofu. Kina mama walikuja kumtazama, wakamshika shingo na mapaja, wakasema Mungu yupo. Walipokuwa wakipanda njia ya kwenda kwao hawakuongea, na mimi nilijua maana yake, kwa sababu hao walikuwa watu wa kuongea.

Katika kipande chetu chote kijani kilibaki mahali pamoja. Yale mabua ya Mzee Gathogo yalikuwa yameota. Pembe nne za kaburi zilikuwa zimesimamisha vichaka vinne vya nepia, majani mapana kama ulimi wa ng'ombe, meusi kwa afya, vinasimama kimo cha kifua cha mtu wakati shamba lililobaki lilikuwa na rangi ya kiatu kikuukuu. Mizizi yake ilikuwa imekwenda chini kwenye udongo uliofukuliwa na kuchanganywa, ambako maji ya mvua ndefu yalikuwa bado yamejificha. Waziri aliona kabla yetu. Kila nilipompitisha pale alisimama, akanyoosha shingo, akavuta kamba mpaka ikanikata viganja. Baba akaleta miiba akalizungushia kaburi lote. Watu waliopita kando ya korongo waligeuza nyuso. Kwetu husemwa kwamba kilichoota kaburini hakiliwi, si na mtu, si na mnyama wa mtu.

Mzee Gathogo alikuja Jumapili baada ya ibada, kofia mkononi, akaketi uani na baba. Nadhani kuota kwa yale mabua kulimkosesha usingizi, kwa kuwa ni yeye aliyeyachomeka. Alitaka yang'olewe na kuchomwa. Shangazi alikuwa akipepeta maharagwe karibu nao.

"Msing'oe kitu," akasema bila kuinua kichwa. "Kuna ng'ombe hapa hajala tangu jana."

"Wambui, hiyo nyasi ni ya marehemu."

"Marehemu ana ng'ombe, mzee?"

"Usinichezee, mama. Nakuuliza. Ng'ombe ale nyasi ile, mtoto anywe maziwa yale. Hapo mtoto anamnywa nani?"

Shangazi akaweka ungo chini. "Anamnywa mama yake. Kwani watoto wengine humnywa nani?"

Mzee alivaa kofia yake. Baba alikuwa akitazama mikono yake. Akasema polepole kwamba hakuna panga litakalogusa pale, wala la kung'oa wala la kukata, na atakayeingia ataingia baada ya yeye baba kufa. Basi ikawa hivyo. Nyasi ikazidi kuwa kijani, na mtoto akazidi kuwa mwepesi. Nilipombeba mgongoni nilikuwa nikigeuka kumtazama, maana uzito haukuniambia kama yupo.

Halafu kukawa na asubuhi ambayo alikataa kijiko. Maziwa yalimwingia mdomoni yakatoka kando, naye akatazama tu paa. Shangazi alimjaribu mara kadhaa. Kisha akamfuta, akajifunga naye mgongoni, akachukua kamba ya katani iliyoning'inia mlangoni. "Nyokabi," akaniita, "lete panga. Linoe kwanza." Baba alikuwa ameketi kwenye gogo karibu na zizi, siku hiyo kiwanda hakikuwa na kazi. Nilinoa kwenye jiwe mbele yake.

"Mnaenda wapi na panga?" akauliza.

"Kwa mwenyewe," shangazi akasema. "Kuomba."

Akatangulia, nami nikamfuata. Nilidhani ataitoa miiba kwa miguu na kuingia, kwa kuwa shangazi alikuwa mtu wa kuingia. Hakuingia. Alisimama ukingoni, mbele ya miiba, akaniambia niweke panga chini, nikaliweka. Akarekebisha mtoto mgongoni. Akaita kwa sauti kubwa, ile ile ambayo wanawake waliitia kutoka ukingo wa shamba hadi jikoni: "Mwenye shamba! Naomba mzigo!"

Tulingoja. Akaita tena. "Mwenye shamba! Mtoto wako hajala. Naomba mzigo!"

Upepo ulipita kwenye nepia, majani yakasuguana. Lakini upepo si jibu, na shangazi hakuwa mtu wa kudanganywa na upepo. Desturi ni desturi: usipojibiwa, unarudi. Nilimwona akianza kuikunja ile kamba mkononi, taratibu, mzunguko juu ya mzunguko, naye hakuwa analia wala hakuwa amekasirika. Nikainama kuokota panga turudi. Ndipo sauti ikatoka juu, zizini, nyuma yetu. Baba alikuwa amesimama.

"Kata," akasema. Akashika mti wa zizi, akamalizia: "Usifike chini."

Niliyekata ni mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyejua. Shangazi alisogeza miiba. Nilikata kichaka kimoja, cha pembe ya miguuni, nikaacha vitatu. Niliweka ngumi juu ya ardhi kando ya shina. Ikaonekana ndogo, nikaweka vidole viwili juu yake ili ifike kimo cha ngumi ya mama, nikapitisha panga. Tulipokuwa tukifunga mzigo, baba alishuka na karai la samadi kichwani. Hakuwa amewahi kubeba karai kichwani, samadi ilikuwa ikimwangukia mabegani. Alikuwa ameichukua kutoka upande wa nyuma wa zizi, ile nyeusi iliyopoa. Sikujua kama alijua tofauti. Alipiga magoti akaifukia kwa mikono yake kando ya kile kichaka, akasawazisha, akapanda juu kwenda kunawa.

Waziri hakurudi kuwa waziri siku hiyo. Ng'ombe si bomba la maji. Lakini tulikata pembe moja, tukapumzika, tukakata nyingine, na kila tulipokata tulirudisha samadi na maji machafu ya kuoshea vyombo, na kila mara shangazi aliita kwanza na baba akajibu. Akiwa kazini alijibu asubuhi kabla hajaondoka. Kikombe kikawa sufuria. Siku Kariuki alipolia kwa hasira, kilio cha mtu anayedai haki yake, shangazi alicheka peke yake jikoni, akajifuta kwa leso, akamwambia anyamaze mara moja asituletee fujo. Mzee Gathogo alipita kando ya korongo akaona mashina yaliyokatwa kimo cha ngumi na samadi iliyofukiwa. Alisimama pale muda mrefu. Wiki hiyo alituma gunia la makapi ya maharagwe kwa ajili ya ng'ombe, bila salamu, na kanisani hakuongea habari hiyo tena. Mvua ilipokuja, mistari ya mama haikuamka hata mmoja. Tukakata mabua kutoka zile pembe nne, yenye vifundo, tukapanda shamba lote upya.

Nilipoolewa huku Gilgil nilikuja na fungu la mabua hayo. Mama mkwe alinicheka, akasema wasichana wengine huja na sufuria. Mabua hayo bado yapo, au watoto wa watoto wao, na yametusomeshea watu. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Sasa nepia inakatwakatwa kwa mashine ya injini, mbolea nyeupe inanunuliwa kwa gunia na kunyunyizwa mvua ikianza, na kuna aina mpya isiyo na manyoya ya kuwasha mikono. Sina ugomvi nayo, imepanda juu kuliko ya zamani. Juzi binti mmoja wa kilimo alikuja kwenye uwanja wa kanisa kutufundisha. Akasema kiangazi kikiwa kikali, chimbeni mashimo marefu, changanyeni udongo wa juu na samadi, rudisheni ndani, pandeni mabua pembeni. Mizizi itakwenda chini ikute maji. Akatuchimbia shimo moja tuone. Wanawake waliuliza maswali mengi. Mimi nilitazama lile shimo na pembe zake mpaka akaniona.

"Shosho," akasema, kama wajukuu wangu wanavyoniita bibi yao, "umeelewa?"

"Nimeelewa," nikasema, na ni kweli nilielewa.

Kitu ambacho sikioni tena ni mtu kusimama ukingoni. Nyasi inauzwa kwa fungu barabarani, marobota yanapita kwa lori, wenye mashamba wako Nairobi. Atakayeita leo atajibiwa na mbwa. Baba alikufa, shangazi akafuata, na kile kipande cha Njoro kilimbakia Kariuki, ambaye sasa ana duka la vifaa vya ujenzi Nakuru mjini na shingo nene kama ya fahali. Anajua habari ya kaburi; shangazi alimwambia. Huwa anaitania mbele ya wageni, anasema yeye alilelewa na nepia. Mwaka huu akanipigia simu kwamba anataka kulijengea kaburi la mama, simiti na vigae, kwa kuwa msalaba wa mbao umeoza mara nyingi na watu wanamsema. Akatuma gari likanichukua.

Fundi alikuwa kijana mwenye buti za mpira. Zile pembe nne bado zilikuwa zimesimama, nzee, nene, zimesukumana hadi karibu zikutane, maana hakuna ng'ombe tena pale. Fundi akazizunguka na panga. "Boss, hii majani tunang'oa yote, ama?"

"Ng'oa," Kariuki akasema. Alikuwa akihesabu vigae kwenye gari. "Vigae na mizizi havipatani."

Mimi nilikuwa nimesimama ukingoni na fimbo yangu. Sikuwa nimepanga kusema kitu. Fundi akainua panga, na mdomo wangu ukasema wenyewe, kwa sauti kubwa kuliko niliyodhani ninayo: "Kata. Usifike chini."

Fundi akacheka kidogo. "Mathe, si tunamwaga simiti hapo? Itafunikwa tu."

Kariuki aliacha vigae. Alikuja akachukua panga mkononi mwa fundi. Huyu ni mtu ambaye hajakata nyasi siku moja katika maisha yake. Alichuchumaa kwa shida, tumbo likimzuia, akaweka ngumi yake kubwa juu ya ardhi kando ya shina, akapitisha panga juu ya ngumi. Alikata pembe zote nne hivyo, akitokwa jasho mpaka shati likamganda. Akamrudishia fundi panga.

"Pembe usizimwagie simiti," akasema. "Ziache wazi."

"Boss, itakaa vibaya."

"Ikae vibaya."

Sikulia, na Kariuki hakulia, na sijui kama kulikuwa na kitu cha kulilia; yeye ni mtu mzima mwenye wajukuu, na mama amekuwa chini kuliko alivyopata kuwa juu. Nilifunga zile nyasi kwa kamba, Kariuki akazipakia, na jioni ng'ombe wangu wa Gilgil akazila kama nyasi nyingine. Sasa kaburi linang'aa, vigae vyekundu, jina la mama limeandikwa vizuri, na kwenye pembe kuna mashimo manne ya udongo ambayo kila apitaye anadhani fundi alisahau. Kabla gari halijaondoka nilimwambia Kariuki jambo moja tu kupitia dirishani: apeleke samadi pale siku hiyo hiyo, iliyopoa, si mbichi.